Kaka, fomu sijaisaini

Leeds, Uingereza, Jumapili usiku

Kaka yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama mzima, na goti lake limetulia. Mbusie mikono kwa niaba yangu. Sisi huku hatujambo. Watu wa hapa wanasema joto limeingia, lakini ni lile joto ambalo wewe ungeshuka nalo Mkunguni, hapo Lamu, umevaa sweta.

Sauti uliyonitumia, ya dakika 9, ya kunitaka nisaini mwanangu aingie jeshini, nimeisikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu. Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile, nikaona nitalia katikati, na wewe ukimsikia mwanamke analia husikilizi tena, unasema tu "basi, basi". Kwa hiyo nimechukua kalamu. Msomee mama, ila pale nitakapokwambia ruka, ruka.

Kwanza nikuweke sawa, maana naona kijana amekusimulia nusu. Hakuna anayempeleka vitani kesho. Kuna chuo cha jeshi cha vijana huko Harrogate, si mbali na hapa, ni kupanda treni tu. Nchi hii mtoto akitimiza miaka 15 na miezi 7 anaruhusiwa kuanza kuomba, akifika 16 anaingia. Mafunzo ya wale wa muda mrefu ni wiki 49. Wanasoma hesabu na Kiingereza, wanapanda milima, wanajifunza bunduki. Kupelekwa vitani ni mpaka atimize 18. Na kwa kuwa yuko chini ya 18, haingii bila saini ya mzazi. Baba yake Mungu amrehemu, kwa hiyo saini ni yangu mimi. Fomu iko hapa mezani, nimeiwekea kopo la sukari juu isipeperuke.

Mpwa wako ananiambia, "Mama, ni mafunzo tu, mbona unaogopa?" Nikamwambia mwanangu, mchele haurowekwi ukaachwa.

Halafu kuna jambo hakukwambia, nami nimelijua kwa kusoma karatasi mpaka saa nane ya usiku. Akiwa bado chini ya 18 anaweza kutoa notisi akatoka, hilo ni zuri, silikatai. Lakini akishapita 18 akiwa ndani, anafungwa miaka 4, na ile miaka 4 inaanza kuhesabiwa siku anayotimiza 18. Aliyeingia na 16 anatumikia mpaka 22. Aliyeingia na 18 naye anatoka na 22. Wewe ni mtu wa biashara, hebu ipigie hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye neno lako. Umesema baba alipanda jahazi na miaka 14, akaenda na maboriti mpaka Uarabuni, akarudi mwanamume. Kweli. Na wewe ulikuwa na 15 ulipoanza kulala kwenye mashua. Lakini kaka, umesahau alivyokuwa akiihadithia mwenyewe pale barazani? Mwaka wa kwanza kazi yake ilikuwa kuosha masufuria na kukoroga uji. Usukani hakuugusa. Na kaskazi ilipochafuka walipokuwa wakirudi, nahodha alimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mlingoti, wimbi lisije likamzoa. Baba alikuwa akicheka akifika hapo, aliona haya alivyofungwa kama mbuzi mbele ya mabaharia. Mimi sasa ndipo namwelewa yule nahodha. Alimchukua mtoto kazini, na alijua kwamba ni mtoto.

Na bahari, kwa ukali wake wote, haijawahi kumwamrisha mtu amuue mwenzake.

Umenitajia na ami yake baba, yule aliyekwenda Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Nakumbuka tulivyokuwa tukijisifu naye. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, nani alikuwa nacho? Afande alimwinua mkono, akaona malaika kwapani, akaandika 18. Bibi alikuwa akiapa kwamba hakuwa amefika hata 16. Akapelekwa Burma, akawa katika ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyowafukuza Wajapani bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na malaria. Alirudi, tena na medali. Lakini ulimwona hata mara moja akishika kisu siku ya Idi? Mbuzi alimnunua yeye, kumchinja akaita watu. Sisi watoto tulidhani ni uvivu.

Hapa nikueleze kitu cha kazini. Kuna mtu ninamhudumia, Mwingereza, kiharusi kimempooza upande mmoja. Hajazeeka, amepita 60 kidogo tu. Kila usiku namwosha miguu, na kila usiku lazima aniambie nikaushe katikati ya vidole. Si mara moja, kila kidole. Nikiruka kimoja anajua. Nilidhani ni ule ukaidi wa wagonjwa mpaka siku moja akaanza kusema. Alikwenda vita vya visiwa vya Falkland, 1982, ana miaka 17. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikiwapeleka hata wa 17. Anasema baridi na maji viliingia kwenye viatu na havikutoka tena, wengine miguu ilivimba hata viatu havivuki. Na upande wa pili, anasema, Waargentina aliowakuta kwenye mahandaki wengi walikuwa vijana waliochukuliwa kwa lazima, wana miaka 18 na 19, nao miguu yao vilevile. Kuua hakunisimulia, nami sikuuliza. Alinisimulia miguu.

Nikamuuliza kitu kimoja tu: nani alikusainia? Akasema mama yangu, jikoni, alikuwa akimenya viazi, akaifuta mikono kwanza. Hakumlaumu hata siku moja. Lakini mama yake, kila Mei ikiingia, alikuwa akimwomba msamaha mpaka akafa, naye hakujua amjibu nini.

Nikamalizia vidole, nikamvisha soksi.

Sasa hapa ruka, kaka. Mama usimsomee.

Unakumbuka siku ya nikaha yangu. Nilikuwa na miaka 17 na miezi miwili. Niko ndani, hina haijakauka, mashangazi wamenizunguka, ukaja wewe na shahidi mwenzio mkasimama nyuma ya pazia mkaniuliza kama nimemwakilisha baba. Nikanyamaza. Kunyamaza kukahesabiwa ndiyo, kama ilivyo desturi, mkaenda zenu mkala halua. Wala sisemi nililazimishwa. Nilitaka! Nilitaka ile dhahabu, nilitaka chumba changu chenye kitanda cha samadari, nilitaka kuitwa bibi wa nyumba. Ungeniuliza siku ile kama najua ninachokitaka ningekuapia. Ikadumu miaka 3, na mengine unayajua. Baba sikumlaumu, wala wewe. Lakini kila nikisikia "mwenyewe anataka", naiona ile pazia.

Ndiyo maana ananishinda nguvu huyu mtoto, kwa sababu anataka kweli. Hanyamazi kama mimi. Anakimbia kila asubuhi kabla ya shule, amebandika karatasi ya mazoezi mlangoni, na juzi ameniambia neno lililonikata: "Mama, unaosha watu usiku, nataka upumzike." Ningekuwa naye mtoto mhuni ingekuwa rahisi.

(Mama anaweza kusikia kuanzia hapa.)

Lakini tazama nchi hii ilivyo. Mtoto wa 16 huwezi kumuuzia kisu cha jikoni, ni kosa. Bia hauziwi, fataki hauziwi, kuchorwa chale hachorwi, mpaka 18. Na ndoa! Zamani huku aliye na 16 au 17 aliweza kuoa au kuolewa kwa idhini ya wazazi. Kuanzia Februari 2023 wamefuta, sasa ni 18 kwa kila mtu Uingereza na Wales, na idhini ya mzazi haina kazi tena. Walisema mzazi naye anaweza kukosea, na mtoto naye anaweza kukubali kitu asichokijua. Nilisoma habari ile nikakaa kitandani kidogo. Basi ile saini waliyoiona haifai kumwozea mtoto, inafaaje kumtilia jeshini?

Na sisi tunaoambiwa tuko nyuma? KDF, jeshi letu la Kenya, wanachukua miaka 18 mpaka 26, na lazima uwe na kitambulisho mkononi. Mama yako hata akija na mwanasheria, wa 16 harukii foleni. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, wa 1990, umesema mtoto ni yeyote aliye chini ya 18 na asiandikishwe jeshini. Umoja wa Mataifa mwaka 2000 wao waliandika kwamba aliye chini ya 18 asipelekwe kupigana, ila wakaacha dirisha: serikali yaweza kumwandikisha wa 16 akija kwa hiari na mzazi akikubali. Uingereza imeingilia dirisha hilo.

Najua utasema nini. Utasema nisilifananishe jeshi la serikali na wale wa msituni, Al-Shabaab. Silifananishi. Mimi na wewe tunawajua wa msituni wanavyochukua watoto. Tangu jeshi letu livuke mpaka kuingia Somalia, Oktoba 2011, tangu shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, mmekula amri ya kutotoka nje, mmezuiwa kuvua usiku, mmesikia helikopta zikielekea msitu wa Boni. Na yule kijana wa mtaa wa pili, aliyeambiwa kuna kazi ya duka Kismayu, huko Somalia? Mamake hakuletewa fomu. Yule ni mtoto aliyeibwa, na huyu wangu anaombwa kwa adabu, kwa barua yenye anwani na namba ya simu. Tofauti ni kubwa, naikubali yote. Ila wote wawili walitafutwa katika umri uleule, na nadhani ni kwa sababu ileile: umri huo mtu anafundishika upesi na hajui kwamba atakufa.

Wiki iliyopita niliwaona. Stesheni ya Leeds, Ijumaa jioni, wametoka likizo au wanaingia, sijui, kundi la vijana wenye mabegi makubwa na vichwa vimenyolewa. Mmoja alikaa karibu nami. Amepiga pasi shati mpaka mkono una mstari, shingoni chunusi. Ana pakiti ya peremende za rangi rangi, anazimwaga kiganjani, anakula za kijani, za njano, zile nyekundu anazirudisha kwenye pakiti. Akanipa nafasi ya begi langu, akaniita "madam". Treni ilipoitwa akasimama wima mara moja kama aliyevutwa kamba, akazibugia zile nyekundu zote pamoja, akakimbia mashavu yamejaa.

Nikarudi nyumbani nikamkuta wangu amelala kwenye kochi na viatu, miguu imetokeza nje, mkononi ana simu inacheza mpira peke yake.

Basi nimemwambia hivi, nawe nakuomba uniunge mkono kwa sababu wewe ndiye mjomba na neno lako analisikia kuliko langu. Sisaini. Akitimiza 18, hakuna atakayeniuliza mimi, na siku hiyo kama bado anataka nitamsindikiza mpaka stesheni na chakula nitamfungia. Miaka miwili hii asome ufundi wa umeme, nimeshauliza chuo, nafasi ipo. Amekasirika, siku tatu tulikuwa tunapeana salamu tu. Jana amekula, leo ameniuliza kama Lamu kuna intaneti ya kutosha, kwa hiyo naona mbavu zimeanza kulegea.

Atakuja shule zikifungwa, mwezi wa saba mwishoni. Mpokee uwanja wa ndege wa Manda. Mpeleke Matondoni akaone mashua zinavyoundwa, mlaze baharini siku mbili tatu, mchoshe. Akikuuliza habari za jeshi mjibu kweli, usimtishe wala usimpambie. Na sauti ile ya dakika 9 nakuomba usimtumie.

Mama anitumie achari ya embe na bizari, ile ya chupa ndogo, wakati huu aifunge vizuri, ya mwaka jana ilimwagikia pasipoti ya mtu.

Na kanzu ya mpwa wako, mpelekee fundi wetu. Ile ya mwaka jana imeshapanda juu ya vifundo. Nimempima leo akiwa amesimama mlangoni, inataka kuongezwa inchi 3, na umwambie fundi aache pindo pana, bado anarefuka.

Dada yako