Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro: Miche ya Uluguru igawiwe kwa kuangalia mteremko

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Masika yakikaribia, miche ya miti huanza kugawiwa milimani, na mara nyingi vijiji vyote hupata aina ileile. Ombi langu ni kwamba kabla miche haijapakiwa garini, iulizwe kwanza: inakwenda upande gani wa Uluguru, na sehemu gani ya mteremko?

Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima kwa upande wa mashariki na kumwaga mvua yake huko. Ukivuka vilele na kushuka huku magharibi, unyevu mwingi umeshaisha. Ndiyo maana msitu wa Kimboza wa upande wa mashariki, ulio mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ni wa kijani mwaka mzima, ilhali Mlali ya huku magharibi, iliyo juu zaidi ya hapo, ni nchi ya miombo (miti ya nchi kavu) na moto wa kiangazi.

Hata kwenye mteremko mmoja mambo hubadilika. Mgongoni mwa kilima jembe hugonga changarawe kabla halijazama lote, kwa sababu udongo hushuka na maji kila msimu. Teremka hadi bondeni: udongo mweusi unanata kwenye jembe hata Septemba. Mkangazi, mti wa mbao, unaostawi bonde la mashariki utakauka mgongoni kwetu. Na mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi hunywa maji ambayo kijiji kizima kinayategemea.

Wazee wanakumbuka matuta ya ngazi ya miaka ya 1950. Mkoloni aliyalazimisha milimani kote. Hapa Mgeta tunayalimia mboga hadi leo, lakini kwingine yalifukua udongo usio na rutuba. Watu wakagoma, na mwaka 1955 mpango ukavunjika.

Mheshimiwa, mto Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu, linalonywesha mji wako, unatoka upande huu mkavu. Naomba kila upande uwe na kitalu chake, chenye mbegu za miti ya palepale. Migongoni tuzuie moto kwanza, nyasi na vichaka virudi. Mita 60 za kingo za mito, zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, ziachwe zijiotee zenyewe. Na bwana miti atembee na wazee wa kijiji kabla ya mvua, shimo la kwanza likiwa bado halijachimbwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, Mgeta