Barua ya wazi kwa wanangu mnaorithi biashara ya mashuka na mablanketi

Wanangu, nyie mliozaliwa mkakuta mzee tayari anauza mashuka, mapazia na mataulo, nasikia mnavyovutana nani awe bosi na naona wote mnaangalia nani mkubwa, nani mwanaume, hakuna anayeuliza nani anakijua kitambaa.

Kuna huyu Thomas Kay, fundi wa kufuma sufu kutoka Uingereza, akahamia Marekani na mwaka 1889 akafungua kiwanda chake Salem, jimbo la Oregon. Aliyekuwa msaidizi wake ni binti yake Fannie, akaijua kazi yote, na mume wake, Charles Bishop, alikuwa mtu wa maduka, yaani nyumba moja ina anayejua kufuma na anayejua kuuza (huo mtaji benki hawakukopeshi). Mzee alipofariki mwaka 1900 kiwanda kikaenda kwa mtoto wa kiume. Sisemi aliharibu, kiliendelea miaka mingi tu. Ila Fannie alikuwa na vijana wake watatu, Clarence, Roy na Chauncey, na mwaka 1909 wakachukua kiwanda kingine kilichokuwa kimesimama mji wa Pendleton, wakafuma mablanketi ya sufu yenye michoro, wateja wakubwa wakiwa wenyeji asilia wa kule. Mpaka leo kampuni hiyo ya Pendleton ni ya ukoo wa Bishop, kile cha Salem ni makumbusho.

Sasa nyie fanyeni hivi, kila mmoja apewe shuka lililoandikwa nyuzi 1,000 (yaani hesabu ya nyuzi kwenye inchi moja ya mraba) aseme analionaje. Anayejua atawaambia mara nyingi hapo wamesokota nyuzi mbili au zaidi kuwa uzi mmoja halafu wakazihesabu mojamoja, namba inapanda, shuka linakuwa zito tu na joto. Mpeni na taulo jipya, lile laiiini la dukani, adondoshee maji, tone likikaa juu bila kuzama ajue ni dawa ya kulainishia imejaa humo. Anayesoma lebo tu asipewe kuagiza mzigo, hata kama ndo kifungua mimba.

Na msisubiri msiba. Mzee bado anaongea, muiteni wakili, hisa ziandikwe kila mtu na jina lake, na dada yenu anayeshinda pale dukani awepo kwenye hicho kikao, sio aje kuhadithiwa.