Mnaokwenda Momella, anzeni na maziwa. Kreta ya Ngurdoto ingoje

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, maana likizo za shule zikifika familia nyingi za Arusha na Moshi hupakia watoto kwenye gari na kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hilo ni jambo la kufurahiwa. Kinachotuuma ni kwamba wengi huingia langoni saa nne, wakapanda kwanza kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano ya kale, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, wakafika maziwa ya Momella saa saba mchana. Saa hiyo Mlima Meru umeshafunikwa na mawingu, twiga wamejificha vivulini na watoto wanalia njaa. Wanarudi mjini wakisema hakuna cha kuona. Kipo, tena kingi, ila walikifuata kinyumenyume.

Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huonekana wazi kuanzia alfajiri. Jua likipanda, mvuke wa msituni hupanda nalo, na kufikia saa nne au saa tano kilele hakionekani tena. Kreta ya Ngurdoto ni tofauti: asubuhi mara nyingi bonde lake limejaa ukungu, na hutakata baadaye. Kwa hiyo anayekwenda kretani kwanza hupoteza vyote viwili. Uwe langoni linapofunguliwa asubuhi, pita Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi ulio karibu tu na lango la Ngurdoto, ambako nyati, pundamilia na ngiri hulisha mapema. Simama hapo robo saa, kisha nyoosha hadi Momella.

Njia ya kutoka mjini ni rahisi. Unachepuka Usa River kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi, na hapo hapo ndipo pa kujaza mafuta na kupima upepo wa matairi, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta. Langoni hawapokei fedha taslimu: uwe na kadi ya benki, au upewe kumbukumbu namba ya malipo ulipe kwa simu. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima, la sivyo utashindwa kuthibitisha kwamba unastahili kiingilio cha raia. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi chakula kifungwe kwenye vyombo au vikapu. Tena ieleweke kwamba barabara ya wananchi wa Ngarenanyuki hupita katikati ya hifadhi. Anayepita njia hiyo kwenda kwake hana ruhusa ya kukata kona kuelekea maziwani.

Maziwa ya Momella yanahitaji muda kuliko mahali pengine popote humo. Ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, El Kekhotoito, Kusare, Lekandiro na Tulusia. Miaka kama 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na tope, mawe na majivu vikatiririka kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vingi unavyovikuta njiani ni mabaki ya mporomoko huo, na maji yalituama kwenye mabonde yaliyobaki kati yake. Maziwa hayo yanalishwa zaidi na chemchemi za chini ya ardhi, na kila ziwa lina kiasi chake cha magadi na mwani wake, ndiyo maana moja huonekana kijani na jirani yake likawa na rangi ya buluu. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, huufuata mwani huo. Huwa wengi zaidi kati ya Mei na Oktoba, ila huhamahama, hivyo asiahidiwe mtoto kwamba lazima atawakuta. Viboko watafute Momella Ndogo.

Zunguka maziwa taratibu, kilomita 20 hadi 25 kwa saa, ingawa kikomo cha hifadhi ni 50. Ukitaka picha ya Meru ndani ya maji, simama upande wa mashariki wa ziwa kabla ya saa tatu: jua liko mgongoni kwako na mlima uko mbele. Geuka upande wa pili, na Kilimanjaro huonekana siku isiyo na wingu. Maji ya maziwa haya yana floraidi nyingi mno. Mtoto asiyanywe, na wala usiyatie kwenye rejeta. Beba lita tano za maji safi kwa ajili ya gari peke yake.

Kuanzia saa tano hivi rudi kusini na kupanda msitu wa Ngurdoto. Hapa zima redio na ufungue vioo. Mbega wenye manyoya meupe marefu hukaa juu kabisa ya miti, na dalili yao ya kwanza ni majani kutikisika bila upepo. Kreta ina upana wa kilomita tatu hivi na kina cha mita 400, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kushuka chini, hata akiwa na askari. Unatazama kutoka ukingoni, kwenye vituo kama Leitong na Mikindu. Bila darubini nyati wa kule chini ni vidoa tu, kwa hiyo azima hata moja.

Sasa gari. Kiangazi, Noah au hata IST inaweza kufika maziwani ikiendeshwa kwa adabu. Masika, Machi hadi Mei, udongo huu wa majivu ya volkano huteleza kama sabuni, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hubaki mtaroni. Njia ya Kitoto, inayopanda ubavu wa Meru hadi mita 2,500 hivi, ni ya gari linalovuta kwa magurudumu yote manne peke yake, msimu wowote. Kosa kubwa hutokea wakati wa kushuka: dereva wa gari la otomatiki huacha gia kwenye D na kukanyaga breki mteremko mzima. Breki zikichemka hunuka, kisha pedali huzama bila kushika. Weka L au 2 kabla mteremko haujaanza. Beba tairi la akiba lenye upepo, spana ya magurudumu na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki huzama kwenye vumbi.

Simba si wa kutegemewa humo, na hapo ndipo watu hujisahau, wakafungua milango popote. Nyati dume aliye peke yake ni hatari kuliko kundi zima. Shuka kwenye vituo vilivyoruhusiwa tu. Wanaotaka kutembea wamwombe askari wa hifadhi mwenye silaha katika lango la Momella. Matembezi hadi maporomoko ya Tululusia huwafaa hata watoto wa shule ya msingi.

Tuna ombi moja kwa wahusika. Kwenye njia panda ya ndani ya lango la Ngurdoto, pale kreta na maziwa zinapoachana, uwekwe ubao mkubwa wa Kiswahili unaoonyesha kilomita za kila upande, saa nzuri ya kwenda, na barabara zipi hazifai gari dogo siku za mvua. Na siku barabara ya Kitoto inapofungwa, tangazo libandikwe langoni kabla mtu hajalipa.

Waongoza watalii,
Usa River, Arumeru