Insha ya Karama: kikao sasa Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Kikao cha insha kuhusu Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, hakipo tena Ijumaa. Ni Jumamosi saa 4 asubuhi, maktaba ya mkoa, hapa Tanga mjini.

1. Njoo na Kusadikika pamoja na aya yako ya kwanza. Tafadhali tusiishie kuandika "Karama alionewa". Someni upya pale Waziri Majivuno anapomshitaki kwa ajili ya elimu ya uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Mshitaki anaona uasi. Mimi naona mtu anayeipenda nchi yake. Hoja yako ianzie hapo.

2. Sh 1,000 ya kopi, mwisho Ijumaa jioni. Asiyenayo anitumie ujumbe pembeni, na aje tu.

Thibitisheni leo kabla ya saa 3 usiku: "Nipo" au "Sitaweza".