Risala ya Kikundi cha Waokoaji wa Sanaa za Majengo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi mlioambatana naye, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu wa kuja kuzindua mozaiki hii, yaani picha iliyopangwa kwa vipande vidogo vya vigae. Kabla hujavuta pazia, tunaomba dakika chache tukueleze ilikotoka, na kwa nini kona yake ya chini ni ya kijivu tupu. Wapo watakaodhani hatujamaliza kazi.

Kikundi chetu ni cha mafundi na wanagenzi wao. Jengo la umma likipangiwa kubomolewa, sisi huenda kutazama kuta zake: kilichochorwa, kilichochongwa, kilichopangwa kwa vigae. Watu hutusifu kwa ukarabati, lakini kukarabati ni subira tu. Jasho liko kwenye kutoa. Mchoro uliopakwa juu ya plasta mbichi umeshakuwa mwili mmoja na ukuta. Fundi hubandika kitambaa kwa gundi juu ya rangi, kisha ama huibandua rangi peke yake, ama huikata pamoja na plasta yake, ama, yote yakishindikana, huubeba ukuta wenyewe. Mjini Oslo, Norwe, mwaka 2020 walibeba ukuta. Mchoro uliobuniwa na msanii Picasso uitwao Fiskerne, ambao msanii mwenzake Carl Nesjar aliuchora kwenye zege kwa kupuliza mchanga, ulitolewa katika jengo la serikali la Y-blokka ukiwa na uzito wa tani zipatazo 250. Jengo hilo lilipangiwa kubomolewa, na waliopinga walitaka lenyewe libaki. Nasi, pamoja na kazi yetu hii, tuko upande wao. Kuhamisha ni hatua ya mwisho kabisa.

Mfano tunaowapa wanagenzi kila mara ni wa Cincinnati, Marekani. Stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 1933 ilipambwa kwa mozaiki za msanii Winold Reiss, nyingi zikionyesha wafanyakazi wa viwanda vya mji huo. Ukumbi wa abiria ulipobomolewa mwaka 1974, mozaiki 14 za viwanda, kila moja ya futi 20 kwa 20, zilinusurika kwa kuhamishiwa uwanja wa ndege. Ramani kubwa ya dunia iliachwa kwa sababu ya gharama, ikaenda na kifusi. Miaka ikapita, majengo ya uwanja wa ndege nayo yakapangiwa kubomolewa, na mozaiki 9 zikafunga safari tena hadi kwenye kituo cha mikutano. Zimehama kama wapangaji!

Hii yetu nusura iwe kama ile ramani. Aliyetupasha habari hakuwa mwenye jengo wala mkandarasi, alikuwa mlinzi wa usiku, na tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa uani. Tulipewa siku tatu. Tukabandika kitambaa kwa mbele, tukakata kwa nyuma kwa msumeno, tukaandika namba kila kipande. Vipande viwili vilimeguka mikononi mwetu siku ya mwisho, tukikimbizana na giza. Hatukupata picha ya kutuonyesha palikuwa na nini, na kubuni hatukutaka. Hiyo ndiyo kona ya kijivu.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni kwamba kibali cha kubomoa kisitoke kabla sanaa iliyomo haijakaguliwa na kupigwa picha, na gharama ya kuitoa iwe ndani ya bajeti ya mradi mpya, isiachiwe wasamaria wema. Zile siku tatu zingekuwa miezi mitatu, leo tusingekuwa na kona ya kuelezea. Jingine ni ghala. Letu linavuja, na unyevu huyeyusha chumvi iliyomo kwenye plasta. Chumvi hiyo ikikauka, huisukuma rangi ikabanduka. Mle ndani ipo michoro inayosubiri ukuta wa kuipokea, basi ukisikia jengo jipya lenye ukuta mtupu, tafadhali tukumbuke.

Mlinzi yule yupo nasi leo, ameketi safu ya nyuma. Tunaomba uvute pazia pamoja naye.

Tunaomba kuwasilisha.