Papa hawana meno ya aina moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo linalonisikitisha kila habari ya papa inapochapishwa magazetini. Iwe ni habari ya bei ya samaki au ya wageni waliokwenda Mafia kuogelea na papa potwe, picha inayowekwa mara nyingi ni ya papa mweupe mkubwa aliyeachama. Msomaji hubaki akiamini kwamba papa wote huuma namna moja na huwinda kitu kimoja, ilhali meno yao yenyewe yanakanusha hayo.

Papa mweupe aliyekomaa huwinda sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, ambao nyama yao hailiki bila kukatwa. Kwa hiyo meno yake ya juu ni ya pembetatu, mapana, yenye makali ya msumeno, na yale ya chini, membamba zaidi, hushikilia windo huku akitikisa kichwa. Papa mako hufukuzia samaki wepesi kama jodari, naye ana meno marefu yaliyochongoka, ya kunasa na si ya kukata. Wapo pia papa wadogo wa chini ya bahari wenye meno bapa ya kusagia kaa. Anayenistaajabisha kuliko wote ni yule mwenye milia ubavuni, kwa jina la kisayansi Galeocerdo cuvier, ambaye yumo hata katika bahari yetu: kila jino lake limeinama upande mmoja, lina pengo nyuma ya ncha na vijino vidogo kwenye makali, na akizungusha kichwa huku na huku hupasua hata gamba la kasa.

Kazi nzito namna hiyo huvunja meno, lakini papa hapungukiwi. Meno yake hayakupandwa ndani ya taya kama yetu, bali yameshikwa na ufizi, na nyuma ya safu ya mbele zimelala safu nyingine zinazosogea polepole, hata jino likidondoka jingine huchukua nafasi yake, na hali huwa hivyo maisha yake yote.

Sasa mtazame potwe, ambaye huonekana karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, aweza kupita mita 12, na ana maelfu ya meno madogo kuliko punje ya mchele ambayo hayatumii kulia chakula. Hufungua kinywa, akachuja viumbe vidogo na mayai ya samaki kutoka majini. Kumwekea huyu picha ya muuaji wa sili ni kumsingizia.

Ninachoomba ni kwamba waandishi wataje aina ya papa wanayemzungumzia, wawaulize wavuvi jina lake, na picha ichaguliwe kwa kufuata jina hilo. Papa wengi huchelewa kukomaa na huzaa watoto wachache, na ni vigumu kumshawishi mtu amhifadhi samaki ambaye gazeti lake limemfundisha kumwogopa tu.

Msomaji wako,
Mwalimu wa baiolojia, Tanga