Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo: Taifa ni uwanja upi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu viwanja viwili vya soka vilivyopakana pale Temeke, Dar es Salaam, ambavyo majina yake yamehamahama hadi historia ya klabu zetu imeanza kuvurugika.

Uwanja wa zamani, ambamo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ndio ulioitwa Uwanja wa Taifa kwa miongo mingi. Ulipoanza kutumika uwanja mpya mwaka 2007, wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, jina la Taifa likahamia huko, na ule mkongwe ukaja kuitwa Uhuru. Kisha Julai 2020, siku chache baada ya kufariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ambaye ujenzi ulianza akiwa madarakani, Rais Magufuli alitangaza kuwa uwanja mpya uitwe kwa jina la marehemu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mashabiki wenyewe wameuzoea, wakaongeza na lao la Lupaso, kijijini kwao Mzee Mkapa.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinibishia kijiweni kwamba Stella Abidjan ya Ivory Coast waliifunga Simba 2-0 "kwa Mkapa", katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Alikuwa amesoma mahali "Uwanja wa Taifa", akaupeleka mchezo kwenye uwanja ambao wakati ule haujawekewa hata tofali. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimebanwa kwenye majukwaa ya mzunguko, na nilirudi nyumbani kwa miguu bila kusema na mtu. Lakini pale kijiweni mwenye maandishi alikuwa yeye.

Naomba wizara yako iweke kwenye lango la kila uwanja kibao chenye majina yote uliyowahi kuitwa, pamoja na miaka yake, likiwemo la Shamba la Bibi kwa uwanja wa zamani, ambalo ni la utani lakini ndilo tulilolitumia zaidi. Naomba pia kumbukumbu rasmi za mechi za Simba, Yanga na timu ya taifa zilizochezwa kabla ya 2007 zieleze wazi kwamba Taifa inayotajwa humo ndiyo Uhuru ya leo, na kazi hiyo ifanyike kabla jina jingine halijabadilishwa.

Wako mtiifu,
Shabiki wa Simba, Temeke